NANI ALIYEMKARIBISHA PANYA?

Mtu apatwapo na hasara, swali la kwanza limtokalo kinywani ni hili: "Nani aliyenitenda hivi?" Ni mara chache sana ajiulizapo, "Je, nami nina sehemu gani katika jambo hili?" Swali la kwanza ni jepesi, kwani wa kulaumiwa hakosekani. La pili ni zito, kwa maana humrudia mwenye kuuliza. Leo twapenda kuwaalika wasomaji wetu walitazame hilo la pili, na mfano tutakaoutumia ni wa mnyama mdogo kabisa, panya afukuaye mashimo katika malisho ya ng'ombe.

Habari yenyewe yatoka Ufaransa, katika sehemu iitwayo Franche-Comté, iliyo mashariki ya nchi hiyo, mpakani na Uswisi, penye milima ya Jura. Wakulima wengi wa huko ni wafugaji. Ng'ombe wao hula majani mabichi wakati wa joto na majani makavu wakati wa baridi, na maziwa yao hufanywa jibini iitwayo Comté, yenye sifa kubwa. Kanuni za jibini hiyo hazimruhusu mfugaji kuwalisha ng'ombe wake majani yaliyovundikwa. Hana budi kuwa na majani makavu yaliyo safi, ya kutosha miezi yote ya theluji. Basi malisho kwake ndiyo shamba, na ndiyo ghala pia.

Chini ya malisho hayo huishi panya mmoja mnene, mwenye mkia mfupi na masikio madogo yaliyofichika katika manyoya. Chakula chake ni mizizi. Mwenyewe huonekana mara chache. Kionekanacho ni vichuguu vya udongo autoao shimoni. Mimba yake huchukua muda wa majuma matatu tu, na watoto wake hawakawii kuzaa wao pia. Kila baada ya miaka mitano hadi minane hivi wingi wake hupanda, hata katika hekta moja wakawamo mamia ya panya, kisha hushuka tena. Katika mwaka wa kupanda kwake malisho ya kijani hugeuka udongo mtupu. Mashine za kukatia majani hugonga vichuguu na visu vyake hupoteza makali. Udongo huchanganyika na majani makavu, na vijidudu vilivyomo huweza kupita katika maziwa na kuiharibu jibini. Mfugaji aliyekuwa na majani ya kuuza sasa huwa mnunuzi, na asiye na fedha za kununulia hupunguza ng'ombe wake.

Hapana shaka kwamba mtu aliyefikwa na mambo hayo anastahili kuhurumiwa. Lakini na tuulize: panya huyu alitoka wapi?

Hakutoka mbali. Alikuwapo tangu zamani za mababu. Lakini zamani mashamba ya Jura yalikuwa ya kuchanganya. Kando ya malisho palikuwa na ngano au shayiri, kisha viazi, kisha malisho tena, na katikati yake nyua za miti na vichaka vya mipakani. Plau ilipopita katika shamba ilivunja mashimo ya panya na kuiondoa mizizi aliyoitegemea. Hivyo kila shamba lililolimwa lilikuwa kama ukuta mbele yake. Na katika zile nyua na misitu midogo walikaa adui zake: mbweha, bundi, na wanyama wadogo wa jamii ya kicheche.

Tangu miaka ya 1960 na 1970 mambo yalibadilika. Mfugaji aliona kwamba maziwa ndiyo yenye faida, akaacha nafaka na kugeuza ardhi yake karibu yote kuwa malisho ya kudumu. Vipande vidogo vya ardhi viliunganishwa ili mashine ziweze kupita, na mahali pengi nyua za miti zilikatwa. Malisho yakaungana na malisho, kijiji hata kijiji. Hata fuko alichangia, kwani njia alizochimba yeye zilimfaa panya kama nyumba iliyokwisha jengwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Besançon, miongoni mwao Bwana Patrick Giraudoux, walilinganisha sehemu mbali mbali za milima hiyo. Wakaona kwamba panya huzidi sana mahali ambapo malisho ya kudumu yamechukua sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo, na penye nyua na miti mingi huwa na kiasi. Tena wingi wa panya hauanzi kila mahali kwa siku moja. Huanzia mahali fulani na kuenea kama wimbi, kilomita kadhaa kila mwaka.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni wazi. Panya hakuvamia. Alikaribishwa, akaandaliwa chakula, akafunguliwa milango, na walinzi wakaondolewa.

Je, tumwambie yule mfugaji kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole? La, hasha. Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, yaani hatia na wajibu. Hatia ni ya mtu aliyejua ubaya wa tendo lake akalitenda. Mfugaji wa Jura hakujua, wala hakutenda peke yake. Washauri wa kilimo walimsifu kwa kazi yake, serikali ilimsaidia kuunganisha mashamba, na watu wa mijini walitaka maziwa na jibini kwa bei nafuu. Katika jambo kama hili hakuna wa kupelekwa barazani.

Lakini hatia isipokuwapo, wajibu haufi. Mtu akiangusha mtungi wa jirani bila kukusudia, hatumwiti mwovu; hata hivyo twatazamia atainama kuokota vigae. Na waliounguza mkono mmoja mmoja kidogo kidogo, wote wanapaswa kuinama pamoja. Kosa kubwa la nyakati zetu ni kudhani kwamba, kwa kuwa hapana mtu mmoja wa kulaumiwa, basi hapana mtu wa kutengeneza.

Na namna ya kutengeneza nayo ina haki yake. Hapo ndipo habari ya Jura inapotia uchungu. Wakulima walipoona malisho yao yameharibika, walitumia sumu iitwayo bromadiolone, iliyochanganywa na nafaka na kutiwa katika mashimo. Sumu hiyo huizuia damu kuganda, nayo huua polepole, kwa siku kadhaa. Katika siku hizo panya mwenye sumu mwilini bado hutembea, na kwa udhaifu wake hukamatwa kwa urahisi. Mbweha amlapo hula na sumu. Mwewe vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya ya Doubs, sumu ilitiwa katika maelfu ya hekta wakati panya wamekwisha jaa. Ndege wala nyama waliokotwa wakiwa wamekufa, na mbweha walipungua sana, ikachukua miaka mingi idadi yao kurudi. Yaani katika hasira ya kumwadhibu mwizi, mlinzi naye aliuawa. Na mwizi, ambaye huzaa upesi kuliko mlinzi, alirudi kwanza.

Wako watakaosema, "Mwewe ni nini mbele ya mtoto wa mkulima anayehitaji karo na chakula?" Swali hilo si la kudharauliwa. Sisi hatuna shaka kwamba mtu ana thamani kupita mwewe. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Sumu iliyomwua mwewe haikumwokoa mtoto, kwani ilitiwa baada ya majani kwisha kuliwa. Mtu mwenye haja ana haki ya kujilinda, lakini haja haimpi ruhusa ya kutumia njia yo yote kwa sababu tu iko karibu na mkono. Yampasa aulize kama njia hiyo yafika kule atakako kwenda, na ni nani mwingine atakayekanyagwa njiani.

Sifa ya wakulima wa Franche-Comté ni kwamba waliuliza. Walikaa pamoja na wataalamu, wakapanga njia nyingi za kutumiwa kwa pamoja: kutega mitego, kupambana na fuko, kupitisha plau katika baadhi ya malisho yaliyochakaa, kupishana kati ya kukata majani na kulisha ng'ombe ili miguu yao iyavunje mashimo, kuzitunza nyua za miti, na kuwaacha hai mbweha na ndege. Sumu yenyewe ikatumiwa kidogo tu, wakati panya wangali wachache. Mwaka 2014 amri ya serikali ya Ufaransa ilikataza kuitumia sumu hiyo mahali ambapo panya wamekwisha pita kiasi, na mwishoni mwa mwaka 2020 ruhusa ya kuitumia mashambani ilikoma kabisa. Panya hawakwisha. Miaka yao mibaya huja bado, na wafugaji bado hupata hasara. Lakini wamejifunza lini pa kuanzia kazi.

Na hilo, kwa maoni yetu, ndilo fundisho lenyewe. Wakati wa kupambana na panya ni ule mwaka ambao hakuna anayelalamika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo twalisema sote, ila kulitenda ni kazi, maana ufa mdogo hautishi mtu. Kumtega panya mmoja katika shamba lililo zuri huonekana kama upuuzi. Jirani apitaye hucheka. Hakuna atakayekushukuru kwa baa ambalo halikutokea. Kwa sababu hiyo kuzuia ni wema mgumu kuliko kuponya: mwenye kuponya hupata sifa, na mwenye kuzuia hukaa bila kujulikana.

Tena si wema wa mtu mmoja. Mfugaji hodari akisafisha malisho yake, na jirani akakaa tu, panya wa jirani watavuka mpaka kabla ya mwaka kwisha. Twasema panya wengi hawachimbi shimo, lakini panya hawa hulichimba, wala hawajui shamba ni la nani. Aibu ilioje, wao wawe na umoja kuliko sisi! Haki ya mtu juu ya ardhi yake haiwezi kuwa haki ya kumlea adui wa jirani. Na mwenye kula jibini mjini naye yumo. Akitaka mfugaji akate majani kwa kiasi, apande miti mpakani, na amwache mbweha apite, basi yampasa akubali kushiriki gharama, kwa bei atoayo au kwa kodi alipayo. Kumdai maskini atende wema kwa hasara yake mwenyewe, huku sisi tukishangilia kwa mbali, ni dhuluma iliyovaa nguo ya wema.

Huenda msomaji wetu wa Morogoro au Dodoma akasema kwamba Jura ni mbali. Kweli, panya wetu ni mwingine, yule panya shamba aongezekaye kufuata mvua na kufukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamemchunguza kwa miaka mingi. Dawa ya huko si lazima iwe dawa ya hapa: vichaka na mashamba yaliyoachwa bila kulimwa, ambavyo kwetu humpa panya maficho, havifanani na zile nyua za Jura. Lakini desturi ya wanadamu ni moja. Kwetu pia sumu hutafutwa siku mahindi yalipokwisha fukuliwa, na kila mtu huipigania shamba lake peke yake, huku pori la jirani likingoja.

Basi tusimwache panya huyu mdogo bila kutufundisha. Shida nyingi zitupatazo vijijini na mijini hazikuja kwa uovu wa mtu ye yote. Zilikuja kwa mambo mema yaliyotendwa na wengi bila kutazama mbele: malisho bora, maziwa mengi, mashamba yaliyonyoka. Hatutakiwi kujipiga kifua kwa ajili ya hayo, wala kumtafuta wa kumtupia mawe. Twatakiwa kila mmoja atazame mpaka wa shamba lake sasa, katika mwaka mzuri, na kumwita jirani aje atazame naye.