Mzigo wa Mwenzio Katika Bonde la Bujuku

Wazee wetu walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mithali hii twaitumia kila siku, na mara nyingi kwa kucheka, maana kila mtu ajua kuwa ni kweli: furushi lililo juu ya kichwa cha mwingine halitulemei shingo. Lakini ni mara chache tunapouliza kama kuna deni ndani yake. Mtu aketiye mezani na kalamu, akaandika, Siku ya kwanza tutalala hapa, siku ya pili tutalala pale, je, amekwisha kutenda jambo juu ya mwili wa mtu mwingine, au ameandika maneno tu? Swali hili lilitufikia hivi karibuni kwa njia ya kawaida kabisa, nasi twapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu, kwa kuwa twaona lawahusu hata wale wasiotazamia kupanda mlima wo wote.

Walimu wenzetu watatu wamekusudia kwenda wakati wa likizo ya Januari kutembea katika bonde la Bujuku, katika milima ya Rwenzori iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, nasi tukaombwa kuwasaidia kuandika hesabu ya safari. Hawataki kupanda kileleni. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, mlima wake ukiwa wa tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya, watakitazama kwa macho tu, mawingu yakiwapa ruhusa. Wako watakaouliza ni faida gani kwenda mahali pasipo shamba wala soko wala jamaa. Hatutaki kugombana nao. Mwenye kutamani kuiona kazi ya maji na mawe mahali palipo juu hahitaji kujitetea, na asiyetamani hakupungukiwa na kitu.

Njia yenyewe ni hii. Huanzia Nyakalengija, mita 1,600 hivi juu ya bahari, karibu na mashamba ya Wakonzo wenye nchi hiyo. Siku ya kwanza watu hupanda msituni mpaka kibanda cha Nyabitaba, karibu mita 2,650. Siku ya pili hushuka mpaka daraja lililo karibu na mahali ambapo mto Bujuku wakutana na mto Mubuku, na hapo ndipo bonde linapoanza. Jioni hulala kwenye kibanda cha John Matte, mita 3,400 na kidogo. Kisha huja kinamasi cha Bigo. Hapo mtu huruka kutoka shina moja la nyasi mpaka shina jingine, na akikosa huzama matopeni mpaka magotini. Siku hizi mahali pengine pamewekwa mbao za kukanyagia. Pande zote husimama mimea ya lobelia na senesio, ambayo jamaa zake huku kwetu ni majani madogo tu, lakini huko imekua kupita kimo cha mtu. Mwisho wa siku hiyo ni ziwa Bujuku na kibanda chake, karibu mita 3,960, kati ya milima ya Stanley, Speke na Baker. Toka hapo hupandwa mpaka kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, ndipo hushukwa kwenye maziwa ya Kitandara na kurudi kwa upande mwingine.

Haya yote yaonekana mepesi yakisomwa kitini. Lakini tazama hesabu mojawapo. Waganga wa magonjwa ya milimani hushauri kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, kila usiku asilale juu kuliko usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne apumzike siku moja. Sababu ni hewa: kwenye mita 4,000 hewa aivutayo mtu ina karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake ya pwani, na mwili hutaka siku kadha wa kadha kuzoea. Asiyengoja huumwa kichwa na kutapika. Wachache hujaa maji mapafuni au huvimba ubongo, wakayumba kama walevi, na dawa iliyo kuu kuliko zote ni kushuka upesi. Basi toka John Matte mpaka Bujuku ni karibu mita 550. Ratiba ya kawaida yaruka mpaka huo kwa hatua moja. Tukaandika usiku wa pili John Matte, na tena siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua, jumla siku nane. Mmoja wa wale walimu akasema siku hizo mbili zaongeza gharama bure, kwani Wakonzo wamezaliwa mlimani. Kweli, wamezaliwa mlimani, lakini hawakuzaliwa ziwani Bujuku. Vijiji vyao viko chini sana, na kichwa cha mpagazi huuma kama kichwa cha mwalimu.

Hapo ndipo tulipoamua kuwapa wanafunzi wetu hesabu hiyo darasani. Wasafiri watatu, siku nane. Mifuko yao ni kilo 36, chakula chao kilo 18 kwa kadiri ya robo tatu ya kilo kwa mtu kwa siku, vyombo na mafuta ya kupikia kilo 16. Kila mpagazi asichukue zaidi ya kilo 20, kama ilivyo kanuni huko Kilimanjaro, mbali na nguo zake mwenyewe. Wapagazi wangapi? Karibu darasa zima lilijibu, Wanne. Jumla ni kilo 70, na jibu lilikuwa sawa kama ilivyoonekana. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, Na wapagazi hawali, mwalimu? Basi wakaanza upya. Wapagazi wanne na kiongozi wao wataka chakula cha kilo 30, kwa hiyo hupasa kuwa na mpagazi wa tano. Naye ala, kwa hiyo wa sita. Na kwa sita hesabu hukaa sawa, kilo 112. Twasema kweli, hatujapata kuona hesabu iliyofundisha zaidi katika darasa letu. Anayeandika wanne hakukusudia kumtesa mtu. Amesahau tu kwamba mchukuzi wa chakula ana tumbo. Lakini huko bondeni kusahau kwake kutageuka kuwa kilo 25 juu ya mgongo wa mtu, au njaa siku ya sita.

Na baridi ndiyo zaidi. Rwenzori ni milima ya mvua. Hata Januari na Julai, miezi iliyo mikavu kuliko mingine, mtu hunyeshewa. Wengi hudhani baridi huua penye barafu peke yake. Sivyo. Mtu aliyelowa, aliyechoka, akapigwa na upepo, aweza kufa hali maji hayajaganda. Kwanza hutetemeka, kisha hujikwaa na maneno yake huwa mazito, kisha hunyamaza na kuacha kutetemeka, na wenzake wasiojua hudhani amepata nafuu. Msafiri mwenye koti zuri na mfuko wa kulalia ajua usiku wa Bujuku ni baridi. Yule mwenye blanketi moja lililolowa ajua jambo jingine kabisa, ingawa wote wawili wamelala karibu na ziwa lile lile.

Sasa tulikutana na neno lenye nguvu kutoka kwa mwenzetu yule yule, nalo si neno la kudharauliwa. Alisema: mpagazi ni mtu mzima. Amekubali kazi kwa hiari yake, ajua mlima kuliko sisi, na kumwangalia kama mtoto ni dharau nyingine. Twakubali nusu ya neno hili kwa moyo wote. Mtu asiyemwuliza Mkonzo habari za mvua, akajiamulia kwa kitabu, ni mpumbavu na tena ana kiburi. Lakini tuangalie vema mpagazi amekubali nini. Amekubali kuchukua mzigo kwa mshahara, kwa kuwa karo ya mtoto yadaiwa. Idadi ya siku hakuipanga yeye, wala chakula, wala saa ya kuondoka. Hivyo vilikwisha kuandikwa kabla hajaitwa. Hiari yake yafika mpaka mlangoni pa karatasi yetu, na ndani ya karatasi tumo sisi peke yetu. Twaona, basi, kwamba deni humfuata mwenye kalamu, si kwa sababu mpagazi ni mdogo, bali kwa sababu yeye hakupewa kalamu.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitaji sana, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Ni mshahara. Kama malipo, au ile bakshishi ya mwisho, hutegemea kufika, basi kila mtu katika safari hiyo ana sababu ya kusema uongo juu ya mwili wake. Mpagazi atasema kichwa hakimwumi. Kiongozi atasema mawingu yatapita. Naye msafiri, aliyetoa fedha yake na kuwaambia rafiki zake atakwenda, atasema yu mzima hali hawezi kufunga kamba za viatu. Hapo hakuna mwovu hata mmoja, ila mpango wenyewe umewafundisha uongo. Kwa hiyo tulitaka iandikwe kwamba siku nane zitalipwa zote, hata kama wakirudi siku ya tatu, tena kwamba neno la kurudi likisemwa na mtu ye yote kati yao, kiongozi atalipima bila kuulizwa nani atalipa hasara. Mwenzetu akauliza, Na kama mtu akijifanya mgonjwa? Labda atatokea mmoja. Basi atakula mshahara wa siku tano kwa udanganyifu, nasi tutakuwa tumenunua kwa fedha hiyo ukweli wa wengine tisa. Twaona ni rahisi.

Wengine wangependa kulikata shauri lote kwa kusema, Afadhali wasiende. Jibu hili laonekana safi, lakini nalo lina mzigo wake. Mwaka 1997 waasi waliingia katika milima ile na njia ikafungwa mpaka mwaka 2001. Miaka hiyo hapakuwa na mgeni wa kuchukuliwa mzigo, wala mshahara. Asiyekwenda hamlowani mpagazi mvuani, wala hamlipii mtoto karo.

Wengine husema kinyume, Haraka, kabla barafu haijaisha. Kweli inaisha. Mwaka 1906, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele vile kwa mara ya kwanza, barafu ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, mwaka 2003 ilibaki chini ya moja, na tangu hapo imezidi kupungua. Lakini haraka ya kuona kitu kinachokufa ni haraka ile ile itakayoruka usiku wa pili wa John Matte. Na tukitaja mtawala huyo, tunakumbuka kwamba milima sita ya huko ilipewa majina ya wasafiri Wazungu, lakini hapana mmoja ulioitwa kwa jina la mtu aliyechukua mzigo wao, ingawa walikuwa wengi. Ila kibanda kile cha kinamasini chaitwa kwa jina la John Matte, Mkonzo, aliyekuwa akiwatafutia wapanda milima wapagazi. Ni kibanda tu, lakini ndipo watu wanapokauka.

Mwenzetu hakukubali yote. Siku ya akiba aliipinga mpaka mwisho, akashindwa kwa kura mbili kwa moja. Karatasi ya safari sasa ina nafasi kumi: walimu watatu, kiongozi, na wapagazi sita ambao bado hawana majina. Mbele ya kila nafasi, ya mwalimu na ya mpagazi sawasawa, yameandikwa maneno yale yale: blanketi mbili, koti la mvua, viatu vya mpira, chakula kilo sita.