Mwanamke Mkushi

JUMANNE

Soma Hesabu 12:1–15. Miriamu na Haruni walimnena Musa kwa sababu gani? Bwana alijibuje?

Jina la mwanamke huyu halitajwi hapa. Linalotajwa ni taifa lake: alitoka Kushi, kusini ya Misri, ambako watu walijulikana kwa ngozi yao (Yeremia 13:23). Kosa lake halionyeshwi popote. Waliomnena hawakuwa wapagani, bali nabii mke na kuhani mkuu, nao wakaifunika dharau yao kwa hoja ya kiroho: je, Bwana husema na Musa tu? Dharau iingiapo kanisani mara nyingi huja imevaa hivyo. Wingu lilipoondoka, ngozi ya Miriamu ilikuwa nyeupe kama theluji. Kambi nzima ikasimama siku saba kwa ajili ya maneno ya watu wawili.

Soma Mwanzo 9:20–27 na 10:6. Ni nani aliyelaaniwa?

Waliotetea utumwa huko Marekani walilitumia fungu hili kudai kwamba mtu mweusi amelaaniwa. La kusikitisha, hata leo Mkristo mweusi husikika akilirudia kwa mzaha. Aliyelaaniwa ni Kanaani. Kushi ni mwana mwingine wa Hamu, wala hatajwi katika laana ile. Na habari ya rangi haimo kabisa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuonyeshwa jambo hili kwa kidole katika Biblia yake mwenyewe, na ni heri aonyeshwe nyumbani kabla hajalisikia kwingine.

Kutoka Buhare hadi Mwisenge si mbali. Katika shule ya Mwisenge, mwaka 1934, alianza masomo mtoto wa Chifu Burito wa Butiama, ambaye baadaye taifa lilimwita Mwalimu Nyerere. Tanganyika ya siku zile ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha hazikugawanywa sawasawa. Mtoto hakuhitaji kutukanwa ili ajue amewekwa daraja gani. Utaratibu huo ulifutwa Januari 1962. Lakini la kujadiliwa zaidi darasani ni la Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia wa nchi mpya uwe wa watu weusi peke yao. Mwalimu, aliyekulia chini ya ubaguzi, alikataa kwa ukali, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi.

Kanisa nalo lina ukurasa wake. Mwaka 1943 Lucy Byard, Mwadventista mweusi wa New York, alipelekwa akiwa mgonjwa katika hospitali ya kanisa karibu na Washington. Ilipojulikana kwamba ni mweusi, akakataliwa. Alihamishiwa hospitali nyingine, akafa mwaka uleule. Mzazi amtumaye mwanawe kusoma ng'ambo, akitumaini kwamba kati ya ndugu wa imani hatabaguliwa, amsimulie habari hii kabla ya safari. Asimsimulie ili kumvunja imani, bali ili siku atakapokataliwa asidhani kwamba ni Mungu aliyemkataa.

Hata hivyo maandalizi hayaanzii kwenye uwanja wa ndege. Mtoto asikiaye kila siku kwamba dada yake ni mzuri kwa kuwa ni mweupe, na amwonaye mama akijipaka mkorogo jioni ya maandalio ya Sabato, amekwisha kufundishwa mambo ya rangi bila Mzungu yeyote kufika Musoma. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa Kikurya azoeaye kumcheka Mjaluo kwa kutotahiriwa, na kwa mtoto wa Kijaluo ajibuye kwa kejeli yake. Watoto hao hukaa benchi moja katika Shule ya Sabato. Miriamu pia alikuwa na wimbo mzuri (Kutoka 15:20, 21).

Kwa majadiliano: Mtoto anarudi kutoka shuleni akilia kwa kuwa mwenzake amemwita mkaa. Mzazi amwambie nini kabla ya kusali naye? Na ikiwa aliyemwita hivyo ni mtoto wa mzee wa kanisa, ni nani aende kwenye nyumba ile, na lini?