Aliyekaa na Babu

Mtu akifa kijijini kwetu Mtae, milima ya Usambara, hakuna anayeuliza afanye nini. Kina mama wanafika na kuni kichwani, mwingine na unga, mwingine na ndoo ya maharage. Wanaume wanakaa nje kwenye mabenchi, wamejikunyata ndani ya makoti kwa sababu ya ukungu unaopanda kutoka bondeni, na wengi wao hawasemi lolote. Wanakaa tu. Mfiwa akiinua macho anakuta watu. Nimekaa kwenye misiba mingi ya huku milimani, ya Walutheri na ya Waislamu, na ninaamini kuwa huko kukaa ni sala tayari, kabla mchungaji au sheikh hajafungua kinywa.

Mbwa akifa, hakuna benchi linalotolewa nje.

Babu yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na ulimi ukaenda nao. Alikuwa mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo, kwenye posa na kwenye kesi za mipaka ya mashamba. Mwanzoni wageni walijaa. Halafu wakapungua, wala si kwa ubaya. Ni vigumu kukaa mbele ya mtu asiyejibu. Tunaishiwa la kusema, tunakumbuka kwamba ng'ombe hajakatiwa majani, tunaaga.

Simba hakuwa na la kuishiwa. Alikuwa mbwa wa shamba, rangi ya udongo, sikio moja limechanwa na nguruwe pori, aliyezoea kulala mahindini na kufukuza nyani. Hakuna aliyemfundisha kazi ya wagonjwa. Babu alipoanza kutolewa nje asubuhi aote jua, Simba alikuja akalala upande uleule uliolala, akaegemeza mgongo kwenye mguu usiosikia. Mkono mzima wa Babu ukavuka mapaja, polepole, ukamfikia shingoni. Vidole vikaanza kuchambua manyoya kutafuta kupe. Akimpata, alimwinua kati ya kidole na gumba amwonyeshe mjukuu aliye karibu, na hapo uso wake ukawa ule wa zamani, uso wa mtu mwenye kazi.

Nchi za mbali kazi ya Simba ina mafunzo na vyeti. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliona mtoto aliyejifungia ndani ya nafsi yake akianza kufunguka mbele ya mbwa wake Jingles, na mwaka 1962 akaandika makala akimwita mbwa mganga mwenza. Wapo wenzake waliomcheka. Sisi wa Usambara tusingepaswa kucheka. Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na miaka michache baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ipo hadi leo. Pale mgonjwa hupewa dawa, na hupewa pia shamba la kulima pamoja na wenzake. Mkono ukipata cha kufanya, moyo nao husogea kidogo.

Watu huniuliza kama mbwa alielewa alichokuwa akifanya. Chini ya genge letu ni nyika ya Mkomazi, ambako mbwa mwitu walizalishwa tena baada ya kukaribia kutoweka. Hao wakirudi kutoka mawindoni humtapikia nyama mwenzao aliyejeruhiwa asiyeweza kukimbia. Kama wanaelewa au hawaelewi, mwenzao anakula.

Mfano wa tajiri na Lazaro tulifundishwa kuusoma hivi: mbwa waliomlamba vidonda ndio kilele cha aibu yake. Siku hizi siwezi tena kuusoma hivyo. Pale mlangoni, nani mwingine alimsogelea? Mungu hakukubali yule maskini afe bila kuguswa, akawatuma waliopatikana. Na Mbegha, mwindaji wa kutoka Nguu aliyekuja kuwa babu wa Wakilindi, ukoo wa watawala wa zamani wa huku, hakuingia milimani humu na jeshi. Aliingia na mbwa zake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, na masimulizi yakahifadhi jina la kiongozi wa mbwa hao, Chamfumu. Nafurahi kwamba wazee waliona jina hilo linastahili kukumbukwa.

Simba alikufa wakati wa masika, kwa uzee, uvunguni mwa ghala. Asubuhi ile Babu alitolewa nje kama kawaida. Mkono ukavuka mapaja, ukashuka, haukukuta kitu. Ukarudi, ukashuka tena. Kisha akalia, na sisi tukasimama pale tusijue pa kuweka macho. "Ni mbwa tu, Babu, tutakutafutia mwingine," mmoja wetu akasema, kwa upendo kabisa, na kilio kikazidi.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia ni mzee wa msikitini. Miaka yote alimkwepa Simba asije akaguswa na mate yake. Alisikia kilio, akaja na jembe. Akachimba chini ya mpeasi, mimi nikamshusha Simba ndani ya gunia, yeye akafukia. Alienda akanawa, akarudi na kigoda, akakiweka kando ya Babu.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Umepotelewa na mtu wako."

Alikaa mpaka adhuhuri ikakaribia. Kabla ya kuondoka alimweleza Babu habari za vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, kwamba Mwenyezi Mungu alipowataja hakumsahau mbwa wao aliyelala kizingitini, na kwamba wapo wanazuoni wanaosema yumo peponi. Babu alimsikiliza hadi mwisho, macho yake hayakubanduka usoni pake. Mimi Mlutheri sina fundisho la kumwingiza Simba mbinguni, wala silitafuti. Ila nilisikia msiba ukipewa heshima yake, na nikaona kifua cha Babu kikishuka.

Kesho yake jirani alirudi, na baadaye wakafuata wengine, wale walioacha kuja. Sidhani walimfuata mbwa. Lakini walikuwa wamepita njiani miezi mingi wakimwona Simba pale, hana cha kusema na haondoki, na nadhani walijifunza kwake kwamba inawezekana.

Jirani bado anakuja. Msimu huu analeta ungo wa maharage ya mbegu, anauweka juu ya stuli kati yao, upande wa mkono mzima, nao wanachambua. Babu ni mkali. Punje yenye tundu hata dogo anaitupa uani kwa nguvu, na mwenzake akijaribu kupitisha moja, anamshika mkono.