Sadaka Idumuyo

Ndugu Waislamu, wako wasemao: sadaka ikishapangiwa tarehe na kiasi, si sadaka tena, ni kodi. Neno hili lataka kupimwa.

Tutazame bara, Kitale na Bungoma, penye wakulima wa mahindi na ambako Waislamu ni wachache. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Ghala la fukara huwa tupu katikati ya mwaka. Nasi aghalabu mikono yetu hufunguka Ramadhani, mwezi ambao kila mwaka hutangulia kiasi cha siku 11 katika kalenda ya miladi. Je, njaa itangoja mwezi uandame?

Watu wa huko wakijitolea kuanzisha chama cha kuwasaidia mafukara, wao hawataki mshahara, lakini unga na dawa vyanunuliwa. Mchango mkubwa wa siku moja hauwawezeshi kumwahidi mjane chochote cha mwezi ujao. Shilingi 50 za kila mwezi, kutoka kwa watu wengi, zawawezesha. Hiari yako ilikuwapo siku ulipoahidi. Kutimiza ni uaminifu, wala si kodi. Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa Mwenyezi Mungu hupenda zaidi amali idumuyo, ijapokuwa ndogo.

Na udhuru wa umbali ulikwisha tangu ilipokuja M-Pesa, 2007. Lakini wapokeao nao wana deni: daftari lao na lisomwe mbele ya watoao, kwani nia njema si hesabu.

Wabillahi tawfiq.