KUSHUSHA TANGA KWA WAKATI WAKE



Mvuvi wa Msimbati akiona wingu zito limetanda upande wa kusini, hushusha tanga na kuigeuza ngalawa yake kuelekea pwani, ingawa kapu halijajaa. Wenziwe hawamwiti mwoga. Wajua kwamba ataka kuvua na kesho pia. Lakini mtu wa mshahara, awe mwalimu, karani au mwuguzi, aliyeshikwa na maradhi ya kudumu, akisema kwamba afikiri kustaafu mapema, mara husikia manung'uniko: amevunjika moyo, apenda starehe, watoto atawalisha nini? Kwa hiyo wengi huficha ugonjwa wao, hata kwa wake zao na waume zao, mpaka tufani iwakute katikati ya bahari.

Nami sina budi kuungama kosa langu. Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa pwani hii, iliyo kati ya Mikindani na mlango wa Mto Ruvuma, alinijia baada ya Misa ya Dominika. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Macho yamepungua, miguu yafa ganzi. Aliniuliza kama ni dhambi kuiacha kazi kabla ya wakati. Nikamjibu upesi, kama kijana aliyetoka seminari na majibu yote mfukoni, kwamba auchukue msalaba wake. Akauchukua. Muhula haujaisha, alianguka mbele ya wanafunzi wake. Alipotoka hospitalini hakuwa na nguvu ya kupanga jambo lolote. Yote yakapangwa na wengine. Swali lake lilikuwa jema. Jibu langu ndilo lililokuwa baya.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu atutajia mtu atakaye kujenga mnara. Yampasa aketi kwanza, ahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Basi kuhesabu si kukosa imani. Tena Kanisa limetuonyesha njia mbili. Papa Yohane Paulo II alidumu katika kazi yake pamoja na ugonjwa wa kutetemeka, hata alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Mwandamizi wake, Benedikto XVI, alitangaza tarehe 11 Februari 2013, Siku ya Wagonjwa Duniani, kwamba nguvu zake hazitoshi tena, akaondoka mwisho wa mwezi ule, akaishi katika sala mpaka mwaka 2022. Nani kati yao alimkosea Mungu? Hakuna. Kila mmoja alijichunguza mbele ya Mungu kwa dhamiri safi.

Basi mgonjwa aketi na kuhesabu nini?

Kwanza, ahesabu nguvu zake, akiwa pamoja na daktari, wala si pamoja na majirani. Aulize waziwazi ugonjwa wake waelekea wapi. Pengine kazi nyepesi au kituo kilicho karibu na hospitali yatosha, wala hana haja ya kuacha.

Pili, ahesabu haki zake. Katika nchi yetu kustaafu kwa hiari ni katika miaka 55, na kwa lazima ni katika miaka 60; na pensheni ya uzeeni yataka michango ya miezi 180. Aliye chini ya umri huo, akiandika barua ya kuacha kazi kwa uchungu wa siku moja, hakustaafu, amejiuzulu tu. Yafaa aulize kwanza katika mfuko wake, NSSF au PSSSF, habari za mafao ya ulemavu, ambayo hutolewa kwa ushahidi wa matabibu. Kadhalika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu. Aulize pia bima yake ya matibabu itakuwaje baada ya mshahara kukoma, maana dawa haistaafu.

Tatu, ahesabu mahali na kazi. Wengi wetu husema: "Nitakwenda kwenye mikorosho yangu." Ni vema, lakini mkorosho wataka palizi, wataka kupulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, na korosho zataka kuokotwa, kisha fedha hungojea mnada. Je, mwenye moyo dhaifu au kifua kibovu ataiweza kazi hiyo peke yake? Na nyumba iliyo pwani ya mbali ni nzuri kwa upepo, lakini kliniki iko umbali gani?

Nne, ahesabu pamoja na mwenzi wake. Siku kiinua mgongo kinapoingia, ndugu hufika na shida zao za kweli. Mume na mke wakiwa wamekwisha kukubaliana kuhusu ada za watoto na matibabu, wataweza kusaidia kwa kipimo, bila ugomvi.

Limebaki neno moja. Mtu si kazi yake. Aliyebatizwa hapotezi heshima yake siku anapokabidhi chaki au funguo za ofisi. Tusimngojee mpaka akate roho ndipo tumwite padre: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha mwaka 1963 kwamba Mpako si wa wanaokata roho tu. Nasi tulio wazima tumtembelee, tumwombe shauri, tumwachie kazi anayoiweza.

Yule mwalimu yu hai. Jumamosi huketi barazani na kuwafundisha watoto katekisimu, nusu saa, kisha hupumzika. Nilimwomba msamaha. Aliniambia angalipenda kuianza kazi hii akiwa bado aweza kuziona nyuso zao.