Pwani ya Pili

Msomaji, likizo ikaribiapo, moyo wa kijana husafiri kabla ya miguu yake. Mioyo ya wengi huelekea Mombasa. Huko kuna mchanga mweupe, hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, na viwanja vya michezo vyenye bembea na mitelezo ya maji. Sina neno na starehe hizo, kwani kucheza ni haki ya ujana. Lakini Kenya ina pwani mbili. Ya kwanza hutazama Bahari ya Hindi. Ya pili iko kaskazini magharibi, katika nchi ya Waturkana, kando ya ziwa lenye jina lao. Je, mtu aliyezoea starehe iliyokwisha andaliwa ana sababu gani ya kwenda mahali ambapo machache mno yameandaliwa kwa ajili yake?

Tuanze na mahali penyewe. Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, nalo ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote ya jangwani duniani. Mto Omo huliletea sehemu kubwa ya maji yake kutoka Ethiopia, wala hakuna mto utokao humo. Jua hunywa maji, na magadi hubaki. Ukitoka mji wa Lodwar kuelekea mashariki, wafika Eliye, ambako chemchemi hububujika kati ya mikoma, na makuti ya mikoma hiyo akina mama huyasuka vikapu. Katikati ya ziwa kuna kisiwa cha volkano ambako mamba huzaliana. Hapana bembea, hapana mtelezo. Kabla ya kuoga, huna budi kumwuliza mwenyeji mamba wako wapi.

Katika kuuliza huko ndimo ilimo sababu ya kwanza. Starehe iliyoandaliwa humfanya mtu mnunuzi. Mahali pasipoandaliwa humfanya mgeni. Mnunuzi husema "nipe". Mgeni husema "hodi". Aliyepiga hodi amekwisha kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kukiri huko ni mwanzo wa adabu. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uonyeshwe.

Huenda ukanijibu kwamba Lodwar ni mbali, vumbi ni jingi, na joto la mchana hupita nyuzi 35. Ya nini kulipa nauli ili kuteseka? Serikali ya kikoloni nayo iliiona nchi ile kwa jicho hilo. Jomo Kenyatta alipohukumiwa mwaka 1953 alifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akawekwa kizuizini huko hata mwaka 1961. Ukali wa nchi ulihesabiwa kuwa sehemu ya adhabu. Lakini fikiri: jangwa lililokuwa adhabu kwa mfungwa lilikuwa nyumbani kwa mtu aliyezaliwa pale, akaoa pale, akachunga ngamia na mbuzi wake pale. Tukiiogopa Turkana kana kwamba ni gereza, wakoloni wamekwenda zao, bali jicho lao tumelirithi.

Wala si nyumbani kwa Waturkana peke yao. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Huko Lomekwi vimeonekana vyombo vya mawe vyenye umri wa miaka milioni 3.3. Nchi tunayoiita pembe ya mbali ni miongoni mwa nyumba kongwe za wanadamu.

Hata hivyo, safari hii ina hatari yake, nayo ni kuwageuza watu kuwa tamasha. Yapata kilomita 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Sudan, na baadaye wa nchi nyingine nyingi. Mpenda maajabu aweza kutamani kusimama pale, apige picha, aende zake. Asifanye hivyo, dhiki ya mtu si mchezo wa mwingine. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio, timu ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wanariadha wa Sudan Kusini waliokulia Kakuma. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Walifika Kakuma kwa kukimbia vita. Walitoka kwa kukimbia mbio. Kuna kumtazama mtu, na kuna kutazamana naye. La kwanza hutaka macho tu; la pili hutaka heshima pia.

Basi, wewe upendaye bembea, bembea bado ni yako, na Mombasa haitahama. Lakini likizo moja kati ya nyingi uitoe kwa pwani ya pili. Jifunze salamu ya Kiturkana kabla ya kufika. Nunua kikapu kwa bei ya haki. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa, shukuru vilevile. Utarudi na vumbi viatuni, na nchi yako itakuwa imekua machoni pako.