Wawili Upande Mmoja wa Wavu

Hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akina mama wawili wanatandaza nguo juu ya turubai moja. Mmoja anakung'uta gauni, mwenzake keshanyoosha mkono kulipokea. Hawasemezani.

Nikiwatazama namkumbuka Angella Okutoyi, mcheza tenisi wa Kenya aliyelelewa na bibi yake. Julai 2022, kule Wimbledon, alicheza fainali ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Seti ya kwanza wakapoteza 3-6, ya pili wakachukua 6-4, wakamalizia kwa ushindi wa 11-9 kwenye taibreka ya kuamua. Tofauti ya pointi mbili tu! Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam ya vijana.

Kinachonigusa zaidi katika mchezo wa wawili wawili ni hiki: wewe unaanzisha mpira kule nyuma, mwenzako kakupa mgongo pale wavuni, wala hageuki. Anakuamini. Mpira ukimpita yeye, ni wako. Ukikupita wewe, mmepoteza wote.

Jua linapanda. Mama wa gauni ameondoka kutafuta chenji. Mteja amefika, na mwenzake anamtajia bei ileile.